Mama mkwe kanipa monpe ya marehemu mama yake nilimie. Niivae au niihifadhi?

BintiUsambara

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa mlioishi Japani na mnaozijua nguo zao za kazi. Mafundi cherehani pia nawahitaji humu.

Nimezaliwa Lushoto, sasa naishi Yame, mkoa wa Fukuoka, kwa mume wangu. Huku ni milima ya chai, mashamba yamekaa kwenye miteremko kama kwetu. Nyuma ya nyumba tuna bustani ya mboga, na bondeni kuna jaruba dogo la mpunga. Baba mkwe alishafariki na mume anafanya kazi Kurume, kwa hiyo jembe limebaki kwangu na mama mkwe, ambaye ana miaka 78 na bado ananiacha nyuma kwenye palizi.

Mwaka jana nililima na suruali za jinzi na raba. Ilipofika mvua ya Juni, ile wanayoiita tsuyu, jinzi ikilowa asubuhi hadi jioni haijakauka. Nikichuchumaa kupanda miche inanibana magoti na kukata kiuno. Mama mkwe alikuwa ananiangalia tu. Wiki iliyopita akafungua sanduku la nguo akanitolea monpe. Kwa wasiojua, monpe ni suruali pana ya wanawake wa shamba, imekusanywa kiunoni na kwenye vifundo vya miguu. Hii imeshonwa kwa mkono, kitambaa ni kasuri ya nili, kile kinachofumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi kwanza, yenye vialama vidogo vyeupe. Ilikuwa ya mama yake mzazi, aliivaa miaka ya vita. Akaniwekea mapajani akasema: vaa, hii imezoea kazi. Akaongeza jikatabi zake, vile viatu vya kitambaa vyenye soli ya mpira na kidole gumba kikiwa peke yake, lakini hazikuingia hata nusu ya mguu wangu.

Sasa nina mambo yananisumbua. Monpe ina umri unaomzidi mama mkwe mwenyewe, naogopa kuichana. Nikikataa kuivaa naogopa ataona nimeidharau. Halafu mimi ni mgeni, Mwafrika, navaa mtandio. Nikipita barabarani na vazi la enzi za vita, wazee wa jirani hawataona nawaigiza? Na hizo jikatabi, zinafaa kwenye miteremko na kwenye maji? Madukani nimeona pia samue, zile seti za shati la kufunga kwa kamba na suruali. Nichukue hiyo badala yake?

Nawasilisha.

Msonobari (Kyoto)

Dada, kwa jikatabi mimi ndiye mtu wako. Natoka Nakuru, huu ni mwaka wa sita niko na watunza bustani hapa Kyoto, kazi yetu kubwa ni kupogoa misonobari na kutunza bustani za mahekalu.

Kwanza ujue uko jirani kabisa na nyumbani kwa jikatabi. Zamani fundi na mkulima wa Kijapani alivaa soksi ya tabi na juu yake kandambili ya majani ya mpunga, ambayo kwa kazi ngumu haikuchukua muda kuisha. Ndugu wa ukoo wa Ishibashi pale Kurume ndio waliogandisha soli ya mpira kwenye tabi wakaanza kuiuza mwaka 1923, na wachimba makaa ya mawe wakaipokea kwa mikono miwili. Mmoja wao, Shojiro, akaendelea na mpira mpaka akaanzisha kampuni ya matairi ya Bridgestone mwaka 1931. Jina hilo ni la ukoo wake lililogeuzwa: ishi ni jiwe, hashi ni daraja.

Uzuri wake ni mguu kuona. Sina neno jingine. Nikiwa juu ya msonobari, kidole gumba kinashika tawi kama mkono unavyoshika. Kwenye bustani ya hekalu tunakanyaga yale majani mafupi ya kijani yanayotanda chini kama zulia, na buti lenye meno lingeyang'oa, lakini jikatabi inapita bila kuacha alama. Kwenye mteremko wa chai utaipenda, maana utajua jiwe linalocheza kabla hujalipa uzito wote.

Ubaya wake nao ni huo huo. Soli ni nyembamba, mchana kutwa kwenye changarawe utachoka nyayo. Mwaka wangu wa kwanza kisiki cha mwanzi kilichokatwa mshazari kilipenya mpaka kwenye ngozi. Sasa popote penye mianzi iliyokatwa navaa zile zenye soli nene na chuma mbele, zipo, ulizia dukani za usalama.

Kuhusu saizi, pima mguu kwa sentimita jioni, ukiwa umevaa soksi za kugawanya kidole, na upime ule mguu mkubwa. Jikatabi inatakiwa ibane bila kuumiza. Ikipwaya kisigino, siku ya pili una malengelenge. Mimi navaa 29, na maduka ya vijijini mengi yanaishia 28, kwa hiyo huagiza. Kule nyuma kuna vibati vidogo vya kufungia, vinaitwa kohaze. Tano ni fupi, kumi au kumi na mbili zinapanda mpaka kwenye shavu la mguu. Vitanzi vya kuvishika vimepangwa zaidi ya mstari mmoja, ndiyo maana mwenye mguu mnene na mwenye mguu mwembamba wanaweza kuvaa namba moja. Anza kufunga kutoka chini. Chukua ndefu, uingize mdomo wa monpe ndani, hapo kupe na ruba hawana mlango.

Samue ni vazi la watawa wa Zen, madhehebu ya Kibudha. Samu ni ile kazi ya mikono wanayoihesabu kuwa sehemu ya ibada: kufagia, kulima, kupasua kuni. Ni nzuri sana kwa kazi za bustani, ila chagua yenye mpira kwenye mikono na miguuni. Usichanganye na jinbei, ile fupi ya magotini, hiyo ni ya kupumzikia nyumbani wakati wa joto, utachanwa na miiba na kuliwa na mbu. Na jambo moja usilikosee hata siku moja: upande wa kushoto ndio unaokuja juu ya upande wa kulia. Funga kamba ya ndani kwanza, kisha ya nje. Kulia juu ya kushoto ndivyo anavyovalishwa maiti. Nilikosea siku ya kwanza, mzee wetu wa kazi akanisimamisha akanifungua akanifunga upya bila kusema neno, na alikuwa na huzuni usoni.

Fundi Rehema (Arusha)

Dada Usambara, naomba nikusihi: usiipeleke hiyo monpe kwenye palizi kabla hujaipima.

Nashona tangu nina miaka kumi na saba na vitambaa vya nili ndio ugonjwa wangu. Kasuri ya Kurume haichapwi rangi juu. Nyuzi zinafungwa kwanza kwa vifundo kufuata mchoro, zinachovywa kwenye nili, zinafunguliwa, palipofungwa panabaki peupe. Ndipo zinatandwa na kufumwa, na mfumaji anapanga mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) vikutane mahali pake. Ile kingo yenye ukungu kidogo kwenye alama zako nyeupe inatokana na hapo. Aliyeanzisha ni binti wa Kurume, Inoue Den, akiwa na miaka kama 12 au 13, mwanzoni mwa karne ya 19. Wanasimulia aliona nguo kuukuu iliyochujuka madoa meupe, akaifumua nyuzi moja moja ajue siri yake. Ufundi huo serikali ya Japani iliuwekea ulinzi wa urithi wa taifa mwaka 1957. Kwa hiyo ulicho nacho mapajani ni kitu kikubwa.

Fanya hivi. Ishike mbele ya dirisha mchana, angalia magotini, makalioni na msambani. Panapopitisha mwanga kuliko pengine, pamekonda. Halafu vuta taratibu kwa vidole viwili, kwa mshazari. Ukisikia kitambaa kinalia kama karatasi, hakuna kuivaa, hiyo ni ya kuhifadhi. Kikinyamaza na kurudi, bado kina uhai. Fua kwa maji baridi peke yake, nili inachuja, usitie dawa ya kung'arisha, anika kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Ushauri wangu hasa: toa ramani yake ushone nyingine. Monpe ni nguo ya akili sana. Wakati wa vita wanawake walihimizwa waivae na wengi walizishona kwa kufumua kimono zao, kwa hiyo vipande vyake ni mistari iliyonyooka, hakuna kitambaa kinachotupwa. Kasuri inafumwa nyembamba, kama sentimita 37 hivi, ndiyo maana utakuta maungio pembeni ambayo sisi tungeyaona ya ajabu. Nipigie picha ikiwa imelazwa kitandani, mbele, nyuma na msambani, weka na futi ya kupimia pembeni. Nitakuchorea.

BiMkubwa (Unguja)

Mwanangu, fundi kasema ya fundi na yuko sawa. Mimi nasema ya mzazi.

Mwanamke wa miaka 78 hafungui sanduku la mama yake bure. Angetaka kuiweka angeiacha humo humo. Amekwambia vaa. Basi vaa, japo siku moja, akuone nayo. Ukimaliza hapo ndipo muende kwenye kupima na kukata.

La majirani lisikukoseshe usingizi. Sisi wa umri wangu tulijifunga kanga zilizotengenezwa Japani, zikija kwa meli, na hatukumwona Mjapani kuwa anatuigiza. Aliangalia tunachovaa na tunavyovaa, akatengeneza. Kuigiza ni kuvaa nguo ya mtu bila kazi yake. Wewe kazi unayo, jembe unalo, na aliyekuvisha ni mwenye nguo.

Na kwa stara sioni shaka, suruali pana mpaka kifundoni na mikono mirefu. Huo mtandio ufunge nyuma, usining'inie.

Shamba_Ibaraki

Samahanini, naona mapenzi ya nili yamejaa humu, mimi nataka kuongelea usalama. Nilikuja kama mwanafunzi wa kazi za kilimo, nipo Ibaraki kwenye kabichi na matikiti.

Kuna mavu wakubwa wanaitwa suzumebachi. Mwisho wa kiangazi mpaka vuli ndio wakali kuliko wakati wote, na wanaelekea kwenye rangi nyeusi. Kila mafunzo ya usalama tunayopewa yanasema vaa rangi nyeupe au nyepesi, funika nywele, usipake manukato. Nili iliyoiva ni karibu na nyeusi. Wazee watakwambia nili inafukuza wadudu na nyoka mamushi, nimeisikia kwa zaidi ya mzee mmoja, lakini usiweke roho yako kwenye hilo. Na kupe pia: kuna homa ya SFTS inayoletwa na kupe, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa Japani ilikuwa mwaka 2013, na upande wenu wa magharibi ndiko ilikoanzia kuonekana. Kwenye nguo nyepesi kupe unamwona, kwenye nili humwoni.

La pili ni mashine. Mikono ya samue inayopepea, kamba zinazoning'inia, ncha za mtandio, vyote ni hatari kwenye pawatila. Mwenzangu mkono wa shati ulishikwa, alitoka na kidonda tu kwa sababu mzee alikuwa karibu na swichi. Wajapani wenyewe walishalitatua hili zamani: kuna tekko, vifuniko vya kitambaa vinavyobana kutoka kiwikoni mpaka mgongo wa kiganja, na kyahan za kufungia miguu. Dukani utapata pia mikono ya kuvaa yenye mpira ncha zote mbili. Nunua nyeupe. Na ile mashine ya kukata nyasi ya kuning'iniza begani, usiiguse ukiwa na jikatabi za kitambaa. Buti la chuma, kinga ya uso, basi.

Kwa kiangazi chenyewe, mimi navaa koti lenye feni. Najua si la asili, lakini Julai ukiwa na nyuzi 35 na unyevu ule, linasaidia. Na amkeni saa kumi na moja alfajiri, saa tatu muwe kivulini.

MpungaMwea

Nauliza na mimi kidogo, dada utanisamehe kuingilia uzi wako. Huku Mwea tunapanda mpunga miguu mitupu au na gambuti, na gambuti linabaki kwenye tope ukivuta mguu. Hizo jikatabi zinaweza kutusaidia na zinazuia kichocho?

BintiUsambara

Kaka wa Mwea, nimemuuliza mama mkwe akanijibu kwa kirefu, maana alizaliwa upande wa Kurume karibu na mto Chikugo, na utotoni walikatazwa kabisa kuingia kwenye maji ya kingo zile. Sikujua kwamba Japani nayo ilikuwa na kichocho. Profesa Miyairi wa Fukuoka ndiye aliyegundua mwaka 1913 konokono anayekibeba, kisha ikawa kazi ya miaka mingi: kuua konokono, kujengea mifereji saruji, kutibu watu. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba kichocho kimekwisha bonde la Chikugo, na Kurume wamesimamisha jiwe la kumbukumbu kwa ajili ya konokono wale walioangamizwa.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Jikatabi ni kitambaa, maji yanapita, na kile kijidudu kinapita na maji. Kwenye jaruba sisi tunavaa buti nyingine za kupandia mpunga: mpira mwembamba unaobana mguu mpaka karibu na goti, na kamba juu. Kwa sababu inabana, tope halina pa kuishikilia. Nyingine zina kidole gumba pekee kama jikatabi. Hiyo ndiyo ya kuulizia, na hata hiyo maji yakiingia kwa juu haina msaada.

Wengine wote nimewasoma, nawashukuru sana. Fundi Rehema, nimeishika dirishani. Goti la kushoto linapitisha mwanga, kwingine kote kimya. Nimekutumia picha.

Fundi Rehema

Zimefika. Ramani nakuchorea leo usiku. Huo mshono wa msambani ni kipande cha mraba kilichowekwa kwa mshazari, ndicho kinachokupa nafasi ya kuchuchumaa. Usikiache hata kama kitambaa ni kidogo.

BintiUsambara

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu kuleta mrejesho.

Nilimsikiliza BiMkubwa kwanza. Jumamosi asubuhi niliivaa, nikafunga mtandio nyuma, juu nikavaa kofia ya mama mkwe, ile ya wanawake wa shamba yenye ukingo mpana na pazia la kitambaa linalofunika shingo na kufungwa kidevuni. Ukivaa ile, mtandio wala hauonekani kuwa kitu kigeni, kila mwanamke huku kafunika kichwa na shingo. Mama mkwe alinigeuza, akanivuta kamba ya kiuno, akaninyooshea pindo. Hakusema kitu kwa muda. Tukaenda kwenye vitunguu.

Bibi wa nyumba ya tatu alisimama barabarani. Alimwuliza mama mkwe hiyo ni kasuri ya nani, akaja akaishika mwenyewe kwa vidole. Akasema wakati wa vita aliichukia monpe, alikuwa mtoto na kila mwanamke alionekana vilevile, lakini hii ni nzuri. Jioni alileta kifurushi: tenugui tano, vile vitambaa vyembamba vya pamba vya kama sentimita 35 kwa 90 ambavyo ncha zake hazijapindwa. Nilidhani hazijamaliziwa kushonwa. Akanionyesha: pindo linashika maji na uchafu, bila pindo zinakauka upesi, na ukijikata shambani unachana kwa mkono unafunga kidonda. Naweka moja shingoni imelowa maji, joto linapungua kabisa.

Kwa ramani ya fundi nimeshona monpe mbili kwa kitambaa cha pamba cha rangi ya majivu, ndizo za shamba la chai, pamoja na mikono nyeupe ya mpira, kwa ajili ya mavu. Pawatila naendesha na suruali ya kazi ya kubana na buti. Jikatabi nimepata 27 zenye vibati kumi, siku mbili za kwanza zilinichosha nyayo, sasa sitaki kuvaa raba tena kwenye mteremko. Samue nimemnunulia mume, na kushoto iko juu.

Ile ya bibi naivaa bustanini tu, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mama mkwe hataki iwekwe tena sandukuni. Goti la kushoto limezidi kukonda na amenipa kipande cha shati la kazi la baba mkwe, nili pia, niweke kiraka. Fundi, naomba mwongozo wa mwisho: kiraka nikiweke juu au kwa ndani?

Fundi Rehema

Kwa ndani, ili kasuri ibaki kuonekana. Kata kipande kikubwa kuliko palipokonda, kama vidole vitatu kila upande, pembe uzikate ziwe za mviringo zisije kuchanua. Usikunje kingo, zitafanya uvimbe na utaumia ukipiga magoti. Kisha piga bandi kwa mkono, uzi mweupe wa pamba, mstari kwa mstari kutoka nje ya kiraka kuvuka mpaka nje upande wa pili, mishono saizi ya punje ya mchele. Usivute uzi ukakaza, mwisho wa kila mstari acha kitanzi kidogo, kitambaa kikifuliwa kinahitaji pa kusogea.

Wajapani wana jina la mshono huo, sashiko. Kule kaskazini, Tsugaru, wakulima walikatazwa kuvaa pamba, wakabaki na nguo za asa, nyuzi ngumu za mmea, zisizozuia baridi. Wanawake walijaza nafasi za kitambaa kwa uzi, tundu kwa tundu, mpaka nguo ikawa nzito na ya joto na yenye michoro. Mama mkwe wako huenda anaujua kwa mikono yake kuliko mimi ninavyoujua. Mpe sindano yeye aanze mstari wa kwanza, wewe ufuate.